Nairobi–New York: tiketi inaonyesha masaa 7 kwenda na masaa 22 kurudi. Tuzungumze umbali na muda halisi kabla hujamsafirisha mzazi

#1 Binti Kondoa

Habari za wakati huu wanajukwaa.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila Desemba ikikaribia napokea simu zile zile: "Dada, ni masaa mangapi mpaka huko? Mzee ataweza?" Najibu mmoja mmoja mpaka nachoka, na wengine nawajibu wakiwa wameshakata tiketi. Bora niandike hapa, na wanaojua zaidi yangu waongezee.

Desemba 2018 nilimleta mama yangu kutoka Arusha mpaka New Jersey ninakoishi. Ndege ya moja kwa moja ya Nairobi–New York ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili. Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo ilikuwa lazima uunganishe Amsterdam, London, Dubai, Doha au kwingine, na mama hasomi Kiingereza. Kumwazia peke yake kwenye kiwanja cha watu wengi akitafuta geti lilikuwa jambo la kuninyima usingizi. Ilipotoka hii ya kupanda mara moja na kushuka mara moja, sikufikiri mara mbili.

Tiketi yake ilisomeka hivi:

Kwenda: Nairobi 23:25, New York 06:25 (siku inayofuata)
Kurudi: New York 12:25, Nairobi 10:55 (siku inayofuata)

Mdogo wangu alimsomea kwenye simu, mama akanipigia akiwa na furaha kabisa: "Mwanangu, kumbe si mbali. Naondoka saa tano na nusu usiku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshafika. Basi la Dar linachelewa kuliko hapo."

Nilinyamaza kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa masaa saba, chakula cha masaa saba, dawa za masaa saba. Kumbe atakaa angani usiku mzima na nusu yake.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za ukuta wa kila mji. 23:25 ni ya Nairobi, 06:25 ni ya New York. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa masaa 8. Kwa hiyo kwenda ni 7 jumlisha 8 = masaa 15. Kurudi ukihesabu kwa saa za ukuta unapata masaa 22 na nusu, unatoa 8 = masaa 14 na nusu.

Kuna njia rahisi zaidi ambayo nimeizoea, haihitaji hata kujua tofauti ya majira. Chukua muda unaoonekana wa kwenda (7) na wa kurudi (22:30), jumlisha, gawa kwa mbili. 29:30 kwa mbili ni 14:45. Hiyo ndiyo wastani wa safari moja. Tofauti ya majira inajifuta yenyewe kwa sababu ulichoongezewa ukienda ndicho ulichopunguziwa ukirudi. Ratiba hubadilika kila msimu, lakini hesabu hii haibadiliki.

Na hayo masaa 15 ni ya kukaa kwenye ndege tu. Nililiandika daftarini nikiwa namfuatilia kwa simu: alitoka nyumbani Arusha saa 3 asubuhi kwa shato, akapita Namanga, akafika Nairobi saa 9 alasiri. Saa 1 jioni alikuwa kiwanjani. Ndege 23:25. Alitua, akapita uhamiaji, akatoka nje nilikomsubiri saa 2 na nusu asubuhi ya New York, na saa 4 asubuhi tulikuwa tunafungua mlango wa nyumba. Kutoka mlango mpaka mlango: masaa 33.

Angalieni hapo. Arusha–Nairobi ni kama kilomita 270, zilikula masaa 6. Nairobi–New York ni kama kilomita 11,840, zilikula 15. Mtu akikuuliza "ni mbali kiasi gani", usimjibu kwa kilomita.

Alipotokeza pale kwenye mlango wa wanaowasili alikuwa kwenye kiti cha magurudumu anasukumwa, miguuni ana soksi tu. Viatu alikuwa amevipakata. Miguu ilikuwa imevimba haiingii. Hilo sikuwa nimemwambia. Nataka mtu mwingine amwambie mzazi wake.

---

#2 Mfanyabiashara Kkoo

Dada asante kwa uzi. Hiyo ya kujumlisha na kugawa kwa mbili nimeijaribu sasa hivi kwenye tiketi zangu za Guangzhou na imekubali. Miaka yote nilikuwa nahangaika na China kuwa mbele yetu kwa masaa 5.

Ila nina swali. Mtandaoni wanasema Nairobi–New York kilomita 11,840, na ndege kubwa zinakwenda kama 900 kwa saa. 11,840 gawa kwa 900 ni masaa 13 na kidogo. Hayo mengine karibu mawili yanakwenda wapi?

---

#3 Kipima Upepo

Mkuu hapo juu umeuliza swali zuri. Nimefanya kazi ya hali ya hewa ya usafiri wa anga, nitajaribu kueleza bila kuwachosha.

Kwanza, muda wa kwenye tiketi hauanzi magurudumu yakinyanyuka. Unaanza ndege inapoondoka getini na kuisha inapoegeshwa. Hapo katikati kuna kusukumwa nyuma, kutembea kwenye lami, kusubiri zamu. JFK, kiwanja cha New York, kina foleni. Dakika 20 au 30 za kutambaa chini si jambo la ajabu.

Pili, ndege haifikii 900 mara tu ikiruka. Inapanda kwa zaidi ya robo saa ikiwa mwendo mdogo, na mwishoni inashuka hivyo hivyo. Wakati mwingine inawekwa kuzunguka ikisubiri nafasi ya kutua.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni upepo. Ile 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa. Hewa yenyewe inatembea. Kwenye latitudo za kati kaskazini mwa dunia, juu huko kilomita 9 mpaka 12, kuna mikondo ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ndiyo inakuwa na nguvu zaidi. Kupita kilomita 160 kwa saa ni kawaida, na kuna siku inavuka 300.

Nusu ya pili ya safari hii ni Atlantiki. Chukua kilomita 5,900 za nusu hiyo. Bila upepo, kwa 900, ni masaa 6 na dakika 33 hivi. Ukiwa na upepo wa wastani wa 100 unaokukabili, ardhini unakwenda 800, inakuwa masaa 7 na dakika 22. Ukirudi na upepo huo huo nyuma yako unakwenda 1,000, inakuwa masaa 5 na dakika 54. Umbali ni ule ule, ndege ni ile ile, tofauti karibu saa moja na nusu.

Ndiyo maana mama wa mleta uzi alipewa masaa 15 kwenda na 14 na nusu kurudi, na kurudi mara nyingi ndege inatua kabla ya muda.

---

#4 Dada wa Likoni

Kipima Upepo umenikumbusha marehemu babu yangu, alikuwa nahodha wa jahazi. Sisi pwani tunasema pepo za omo na pepo za tezi. Omo ni upepo unaokujia mbele, tezi unakusukuma nyuma. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakishuka kwetu na kaskazi, yakikaa kungoja, yakirudi na kusi. Babu ukimuuliza Maskati ni mbali kiasi gani anakuuliza kwanza, "Mwezi gani?"

Kumbe mpaka ndege ya kisasa bado inauliza mwezi gani.

---

#5 Mtoto wa Mbagala

Wakuu mimi hapo kwenye upepo sijakubaliana moja kwa moja. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na pale kwenye Ikweta inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Sasa ndege ikielekea magharibi, si New York inakuja yenyewe kuifuata? Ilitakiwa kwenda iwe haraka kuliko kurudi. Mbona ni kinyume? Naomba nieleweshwe, sibishani.

---

#6 Mwalimu wa Jografia

Mtoto wa Mbagala, swali hili wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huniuliza kila mwaka, na ni swali la mtu anayefikiri.

Panda boti ya Unguja. Boti iko kwenye mwendo mkali, wewe umekaa ndani, rusha chungwa juu kidogo. Linarudi mkononi mwako, haliendi kumpiga aliyekaa nyuma. Kwa nini? Kwa sababu chungwa lilikuwa tayari linakwenda na boti kabla hujalirusha. Ndege ikiwa imesimama JKIA, kiwanja cha Nairobi, tayari inazunguka na dunia kwa mwendo huo huo uliousema, na hewa inayoizunguka pia. Ikiruka haiachi ule mwendo chini. Kwa hiyo mzunguko wa dunia hauisaidii wala hauichelewishi moja kwa moja. Ulichobaki nacho ni hewa inavyotembea juu ya ardhi, yaani upepo alioeleza Kipima Upepo.

Mzunguko wa dunia unahusika kwa mlango mwingine: ndio unaopinda hewa ya joto inayotoka kwetu kuelekea kaskazini mpaka ikawa mkondo wa kwenda mashariki.

Sasa niongeze la ramani, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Ukitandaza ramani ya ukutani ukaweka rula kutoka Nairobi mpaka New York, mstari utakupitisha Nigeria, Mali, Mauritania, kisha baharini. Ndege haipiti huko. Chukua tufe, au chungwa kama huna tufe, vuta uzi mwembamba uukaze kati ya miji miwili. Uzi utapanda juu kaskazini: Sudan Kusini, pembeni mwa Darfur, Chad, Niger, Algeria, Moroko, halafu Atlantiki karibu na visiwa vya Azores vya Wareno, mpaka New York. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya mpira, wataalamu wanaiita duara kuu. Nimepiga hesabu: ukifuata rula ya ramani unaongeza kama kilomita 340.

Na katikati kabisa ya safari, pale ambapo umebakiza sawa na ulichokwenda, ni karibu na Marrakech. Nimewaambia wanafunzi wangu, nusu ya kwenda Marekani ni kumaliza Afrika.

---

#7 Mtoto wa Mbagala

Mwalimu shikamoo. Mfano wa boti umekaa. Nimeelewa. Hiyo ya Marrakech sitaisahau.

---

#8 Kipima Upepo

Naongezea kwa mwalimu: uzi uliokazwa kwenye tufe ndio umbali unaoandikwa mtandaoni. Ndege yenyewe mara chache inaufuata hatua kwa hatua. Rubani na waongozaji safari wanachagua njia kila siku kwa kuangalia upepo, dhoruba na anga zipi ziko salama. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na Libya ni anga ambayo mashirika mengi yameikwepa kwa miaka. Kukwepa kunaongeza kilomita. Mara nyingine wanaongeza kilomita kwa hiari ili wakwepe upepo mkali wa omo, kama alivyosema Dada wa Likoni, na wanafika mapema kuliko waliofuata njia fupi.

Jambo jingine ambalo abiria wengi hawalijui ni kimo cha kiwanja. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini na mabawa yanapata cha kushika kidogo, na joto la mchana linaifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya masaa 15 ni nzito sana. Kuondoka usiku hewa ikiwa imepoa kunasaidia kuinua huo mzigo. Addis Ababa iko juu zaidi, mita 2,334, na kwa miaka mingi ndege zao za kwenda Washington zilikuwa zinatua njiani kuongeza mafuta, lakini kurudi zinakuja moja kwa moja, kwa sababu Washington iko karibu na usawa wa bahari na upepo uko nyuma.

---

#9 Mfanyabiashara Kkoo

Aisee. Mimi ndege ya usiku nilidhani ni mambo ya biashara tu.

Kuna hili la sisi wa Dar. Hatuna ya moja kwa moja kwenda Marekani. Nina mdogo wangu anataka kwenda New York Februari, bei ya kupitia Doha ni nafuu kuliko kupitia Nairobi. Umbali unatofautiana sana?

---

#10 Mwalimu wa Jografia

Dar–Nairobi ni kama kilomita 670, ukiongeza 11,840 unapata kama 12,500. Dar–Doha ni kama 3,820, na Doha–New York kama 10,800, jumla kama 14,600. Tofauti ni zaidi ya kilomita 2,000, yaani kama masaa mawili na ushee ya kuruka.

Lakini usimwamulie kwa hilo peke yake. Akisubiri Nairobi masaa 7 na Doha masaa 2, wa Doha anafika kwanza. Kinachoamua muda ni pale anapokaa kwenye kiti cha kusubiri, si pale anaporuka. Mwangalie jumla ya safari nzima iliyoandikwa kwenye tiketi.

---

#11 Binti Kondoa

Mwalimu nakubaliana nawe kwa kijana. Kwa mzee niliye naye mimi, nitaongeza fedha na masaa ili asibadilishe ndege kabisa. Kila anayebadilisha ndege ana nafasi moja zaidi ya kupotea.

---

#12 Dada wa Likoni

Naomba niseme jambo la saa, maana limetuumiza nyumbani kwetu.

Shangazi yangu alikuwa anarudi kutoka kwa mwanawe. Tiketi imeandikwa 12:25. Sisi tunaosema Kiswahili tangu tumboni, ukisikia kumi na mbili na dakika ishirini na tano unajua ni alfajiri, jua linachomoza. Shangazi akaamka saa nane usiku, akamwamsha mwanawe, wakafika kiwanjani gizani, wakakaa mpaka adhuhuri. Hiyo ilikuwa afadhali. Mara ya pili alisafiri na tiketi ya 06:40, mwanawe akamwambia kwa simu "ni saa sita na dakika arobaini". Kwa shangazi saa sita ni adhuhuri. Alifika kiwanjani saa nne asubuhi kwa starehe zake, ndege ilishaondoka masaa matatu na zaidi yaliyopita. Tiketi ikapotea, tukachanga upya.

Mkimwandikia mzazi, msimwandikie tarakimu za tiketi. Mwandikieni kwa maneno: "Saa sita na dakika ishirini na tano, mchana, baada ya adhana ya adhuhuri." Ikibidi chora saa ya mishale.

---

#13 Binti Kondoa

Dada pole sana kwa shangazi. Hili nililikwepa kwa bahati tu, mdogo wangu alipomsomea mama tiketi alimgeuzia saa.

Niongeze tahadhari: ile tofauti ya masaa 8 ni ya majira ya baridi. Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, na katikati hapo tofauti inakuwa 7. Sisi hatusogezi. Mtu akisafiri wiki hizo za mpakani ahakikishe mara mbili.

---

#14 Ustaadh Mdogo

Assalaam alaykum. Binti Kondoa, mama alifanyaje Swala ya Alfajiri? Nauliza kwa sababu baba yangu naye anasafiri njia hiyo Desemba hii na ndilo jambo la kwanza aliloniuliza, kabla hata ya chakula.

---

#15 Binti Kondoa

Wa alaykum salaam. Umeuliza lililomsumbua mama kuliko yote.

Alikuwa na saa yake ya mkononi, ya majira ya nyumbani. Ilipofika saa 11 na robo alfajiri kwa saa ile, akatayammamu, akafungua pazia dogo la dirisha kutazama. Giza. Akangoja. Saa 12. Giza. Saa moja asubuhi kwa saa yake, nyumbani watoto wameshakwenda shule, nje bado ni usiku mweusi. Aliniambia alianza kuogopa, akadhani saa imeharibika, akamwonyesha kwa ishara binti wa Kikenya aliyekaa pembeni. Binti yule Mungu ambariki, akamwambia kwa Kiswahili: "Mama, tunakimbia na usiku. Asubuhi iko nyuma yetu inatufuata."

Baadaye nilipiga hesabu. Siku ile jua Nairobi lilizama kama saa 12 na nusu jioni, na New York lilichomoza kama saa 1 na robo asubuhi. Kwa saa za ukuta ni masaa 12 na dakika 45, ongeza 8, usiku wake ulikuwa wa karibu masaa 21.

Ndege ilipokaribia kushuka ndipo aliona mstari mwembamba wa mwanga, na ulikuwa upande wa mkia, nyuma ya bawa. Akajua ndiyo Alfajiri yake. Aliswali amekaa kitini, na walipotua jua lilikuwa bado halijachomoza. Mwambie baba asifuate saa ya nyumbani, wakati unaufuata pale ulipo. Atapata nafasi, lakini ni ndani ya ndege ikikaribia kutua, maana foleni ya uhamiaji inaweza kumvusha mpaka jua litoke. Awe na udhu au ajue jinsi ya kutayammamu mapema, kwa sababu wakishaanza kushuka hawaruhusu mtu kuinuka kwenda msalani.

---

#16 Ustaadh Mdogo

Allah amlipe binti yule na amhifadhi mama. Namsomea baba jioni hii.

---

#17 Nesi wa Tabora

Mimi nataka kurudi kwenye ile miguu na viatu. Watu mnapita haraka.

Mtu akikaa masaa 15 amekunja magoti, damu inazembea kurudi juu. Kuvimba kwa miguu ni kwa kawaida na kunaisha. Ila damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, na hilo ni hatari, hasa kwa wazee, wanene, waliofanyiwa upasuaji karibuni na wajawazito. Dalili ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwingine, kuuma na kuwa wa moto. Akiona hivyo baada ya safari, au akishindwa kupumua vizuri, ni hospitali siku hiyo hiyo. Asiambiwe ni uchovu wa safari.

Asimame atembee kwenye ujia kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho. Akiwa amekaa akanyage na kunyanyua visigino kama anashona kwa cherehani ya miguu. Anywe maji. Wamama wengi wanakataa kunywa kwa kuogopa kwenda chooni, mkatieni kiti cha kwenye ujia ili asione aibu kuwarukia watu. Soksi za kubana zipo, lakini aulize daktari wake kwanza kama zinamfaa. Na avae viatu vinavyolegezwa.

Dawa: mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Mwenye presha anayekunywa kidonge saa 2 usiku Nairobi, akifika New York saa ile ile ya mwili wake ni saa 6 mchana. Akingoja saa 2 usiku ya kule amepitisha masaa 8 zaidi. Mwenye sukari anayechoma insulini ni muhimu zaidi, aende kwa daktari na tiketi mkononi wapangiwe kabla ya kusafiri.

---

#18 Binti Kondoa

Nesi, laiti ungekuwa umeandika haya 2018. Mama hakunywa maji kabisa. Kiti chake kilikuwa cha dirishani, niliona namfanyia zuri ili aone nje, kumbe nilimfungia. Wawili wamelala pembeni yake, alikaa masaa tisa hajainuka.

Kiti cha magurudumu tuliomba wakati wa kukata tiketi, hakilipiwi, na ndicho kilichomvusha kwenye foleni na kumpatia mtu wa kumwongoza. Kikiombwa siku ya safari huenda mkasubiri.

---

#19 Mtoto wa Mbagala

Kwa hiyo hii ndiyo ndefu kuliko zote duniani?

---

#20 Kipima Upepo

Hapana mkuu. Singapore–New York ni zaidi ya kilomita 15,300 na inapita masaa 18. Lakini kwa kutoka kwetu, Nairobi–New York ni ndefu ya kutosha kubeba marubani wanne wanaopokezana kulala.

---

#21 Dada wa Likoni

Binti Kondoa, mama alirudije? Umetuacha New Jersey.

---

#22 Binti Kondoa

Alirudi Februari. Safari hii nilimkatia kiti cha kwenye ujia, viatu vya kulegeza, chupa ya maji, na karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa: "Ndege inaondoka saa sita na dakika ishirini na tano MCHANA. Giza litaingia mapema. Usiku utakuwa mfupi. Jua likitoka bado mna kama masaa matatu."

Kwa sababu ukirudi mashariki unakwenda kulipokea jua. Masaa kama mawili na nusu tu baada ya kuruka giza likawaingilia baharini, na usiku wenyewe ulikuwa wa masaa nane na kitu. Hakuona hata sababu ya kuangalia saa yake.

Alinipigia kutoka Nairobi, nyuma yake nasikia watu wanaitana mizigo. Ndege ilitua karibu nusu saa kabla ya muda. Nikamuuliza miguu. Akasema, "Nimevaa viatu, natembea." Kisha akaniambia anangojwa na shato ya Namanga, atanipigia akifika Arusha.